UZI: Muhula mmoja ndani ya nyumba ya Kitaliano, Siena. Meza, jiko na shamba la zeituni

BintiRaskazone

Assalaam aleikum na habari za jioni ndugu zangu.

Humu kila ikija mada ya kusoma nje, maswali huwa ya viza, ada na tiketi. Hayo nitayagusa, maana hata mimi yalininyima usingizi. Lakini lililokuwa moyoni mwangu kabla sijaondoka sikupata wa kunijibu: utaishije miezi mitatu na zaidi ndani ya nyumba ya watu usiowajua, lugha si yako, dini si yako, na choo ni kimoja?

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nasomea mipango miji katika chuo kimoja Marekani kwa ufadhili, sasa niko mwaka wa nne. Chuo kinamruhusu mwanafunzi akasome muhula mmoja nchi nyingine na masomo yake yakahesabika. Mwaka jana, kuanzia Septemba mwanzoni hadi katikati ya Desemba, nilikuwa Siena, Italia. Kwenye fomu kulikuwa na visanduku viwili: kukaa nyumba ya kupanga na wanafunzi wenzako, au kukaa na familia. Wenzangu karibu wote walichagua nyumba ya kupanga. Nikampigia mama. Akaniambia, "Kaa na watu, mwanangu. Ukishikwa na homa usiku wa manane, huyo mwanafunzi mwenzio atakufanyia nini?" Nikatia alama kwenye familia.

Siena iko juu ya vilima vya Toscana. Nyumba ni za matofali mekundu, vichochoro vinapanda na kushuka, na katikati kuna uwanja wa Piazza del Campo ulioinama kama ganda la chaza. Sakafu yake imegawanywa vipande tisa, kumbukumbu ya serikali ya Watu Tisa iliyoushika mji kutoka 1287 hadi 1355. Magari mengi hayaruhusiwi kuingia katikati ya mji, kwa hiyo usiku ukilala unasikia viatu vya wapita njia na maneno yao. Aliyewahi kulala Mji Mkongwe, Unguja, ataielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, hakuna lifti, hatua chache kutoka kanisa la Santa Maria di Provenzano. Tulikuwa watano: mama mwenyeji ambaye ni mwalimu wa watoto wadogo, mumewe, mtoto wao wa kiume wa miaka 14, bibi mzaa baba, na mimi. Majina yao nayahifadhi. Nitawaita kama nilivyokuwa nikiwaita kule: mamma, babbo, nonna, na bwana mdogo.

Jioni ya kwanza nimekaa kitandani, begi halijafunguliwa, koo limekauka. Nikamsikia yule kijana anapiga kelele kutoka chumbani kwake: "Babbo! Babbo!" Nikasimama. Sehemu nyingi za Italia baba anaitwa papà, ila Toscana wanasema babbo. Mtu hajui hata neno moja la Kiswahili, na anamwita baba yake karibu kama ninavyomwita wangu. Nilifungua begi.

MalindiKwetu

Dadangu, hongera kwa uzi. Huku kwetu Malindi Waitaliano ni majirani tangu enzi za kituo cha kurushia roketi pale Ngomeni, miaka ya sitini. Vijana wa ufuoni wanaongea Kiitaliano bila kukanyaga darasa. Nasikia ni rahisi kwa sababu maneno yao huishia na irabu kama yetu. Wewe uliionaje lugha? Na endelea, usituache njiani.

BintiRaskazone

@MalindiKwetu ni kweli kabisa kaka. Wenzangu wa Marekani walihangaika na matamshi, mimi mwalimu aliniambia siku ya pili kwamba sauti zangu ziko sawa, kilichobaki ni maneno. Kiitaliano unakisoma kilivyoandikwa kwa sehemu kubwa, na silabi ya kabla ya mwisho ndiyo inayobeba mkazo mara nyingi, kama tulivyozoea.

Ila kuna maneno yatakayokupotosha. Siku za Jumatano kuna soko kubwa pale La Lizza. Nilikwenda na nonna. Akashika boga, akamuuliza muuzaji, "Quanto pesa?" Nami nikatoa pochi kabisa, najua bibi anauliza pesa ngapi. Kumbe *pesa* kwao ni uzito, alikuwa anauliza lina kilo ngapi. Na *sana* kwao ni mwanamke mwenye afya. Nilipomweleza nonna kwamba kwetu sana ni neno la kuzidisha, akawa ananiambia "bella sana", yaani mrembo sana, kila nikitoka asubuhi, na maana zote mbili zikakaa mahali pake.

Jingine, Toscana ile herufi c katikati ya irabu wanailegeza ikawa h. *La casa*, nyumba, wao wanasema "la hasa". Wiki mbili nilidhani nonna ana mafua.

Na adabu. Wana namna mbili za kusema "wewe": *tu* kwa mtu wa karibu, *Lei* kwa mkubwa au mgeni. Nonna aliniambia siku ileile nimwite *tu*. Nilishindwa. Ulimi ulikataa, ana miaka zaidi ya 80. Basi nikamfundisha shikamoo na marahaba. Kuanzia hapo kila asubuhi nikiingia jikoni nasema "shikamoo nonna", naye hajibu mpaka aweke kikombe chini, anyanyue mkono, aseme "marahaba" akivuta ile ha kwa pumzi yote. Hakuwahi kusahau hata siku moja.

Mzee_wa_Msambweni

Binti, mimi ni baba na nitauliza la wazazi. Wewe umejitambulisha kwa salamu ya Kiislamu. Hao watu wanakula nguruwe na mvinyo uko mezani. Ulifanyaje? Sema ukweli.

BintiRaskazone

Shikamoo mzee. Nasema ukweli.

Kwenye fomu niliandika sili nguruwe, sinywi pombe. Usiku wa kwanza mamma kapika tambi na mchuzi wa nyama uliochemka tangu mchana, nyumba nzima inanukia. Kabla sijatia mdomoni nikauliza ni nyama gani. Akajibu kwa furaha: ng'ombe, na soseji kidogo ya kutia ladha. Soseji ya nguruwe. Yeye alielewa kwamba sili nguruwe yaani sili pande la nguruwe, paja, mbavu. Ile ya kutia ladha hakuihesabu.

Nikaweka uma chini. Uso wake ulivyobadilika, mzee, naukumbuka mpaka leo. Hakukasirika, aliumia, kama mama yeyote ambaye mgeni wake kashindwa kula chakula chake. Nami niliona aibu kubwa, na njaa. Alininyanyulia sahani, akanikaangia mayai, tukala kimya.

Kesho yake nilimwomba tukae jikoni. Nikaandika kwenye karatasi maneno ambayo nilikuwa nimeyatafuta usiku: *maiale* na *suino*, yote ni nguruwe, na *strutto*. Hili la mwisho lisikieni wote mtakaokwenda, ni mafuta ya nguruwe, na huwekwa kwenye baadhi ya mikate na biskuti ambazo kwa macho hazina nyama yoyote. Mamma akaibandika karatasi ile kwenye jokofu. Akatoa sufuria moja ndogo akasema hii ni yako, haitapikiwa kingine. Jumamosi tulikwenda naye bucha la Mmoroko mmoja, akawa anamuuliza maswali mengi kuliko mimi. Mchuzi wa nyama ukapikwa upya kwa ng'ombe mtupu, na nonna akasema mbele ya mwanawe kwamba huu ni mtamu kuliko ule. Sijui kama alimaanisha, ila alisema.

Mvinyo ulikuwepo mezani, mbele ya babbo. Mbele yangu likawekwa jagi la maji. Hakuna aliyenisukumia glasi miezi yote ile. Wengi nyumbani watasema ningekaa peke yangu ningekuwa salama zaidi. Mimi naona peke yangu ningekula hiyo *strutto* mwezi mzima bila kujua.

Kuhusu sala, nilisali chumbani, kibla kiko kusini-mashariki. Na jambo lililonifariji ambalo sikulitarajia: vyoo vya Waitaliano vina beseni dogo la kunawia, bidet. Sheria yao ya mwaka 1975 inataka kila nyumba ya kuishi iwe nayo angalau kwenye bafu moja. Kwa mtu aliyetoka Marekani, ambako nilizunguka na chupa ya maji miaka miwili, niliona nimerudi kwa watu wanaojua kujitwahirisha. Kuosha miguu kwa ajili ya udhu pale ni rahisi, wenyewe pia huoshea miguu.

Kipanga_wa_Ubungo

Dada, nakupongeza lakini nataka tuwe wakweli. Hiyo familia inalipwa. Chuo kinawapa hela kila mwezi ili wakulishe. Usitujengee picha kwamba Mzungu kakupenda bure.

BintiRaskazone

@Kipanga_wa_Ubungo uko sahihi, wanalipwa. Chuo kililipia chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni, na familia yenyewe haikunificha kwamba zile pesa zinawasaidia. Mimi sioni ubaya. Pesa zilinunua kitanda na sahani. Lakini ngoja niandike kisa cha mwezi wa kumi, halafu kila mtu apime mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi. Tulimaliza kazi ya darasani, tulikuwa tumepelekwa Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji, kuona michoro ya ukutani ya Ambrogio Lorenzetti ya 1338 na 1339, ile inayoonyesha mji wenye utawala mwema na mji wenye utawala mbovu. Kwa mtu wa mipango miji, kusimama pale ni jambo la maisha. Kwenye utawala mwema mafundi wako juu ya paa wanajenga, watu wanaingia na kutoka lango la mji wamepakia mizigo, mashamba yanalimwa nje ya ukuta. Nikatoka nimejaa, nikakaa na wenzangu uwanjani, tukanunua pizza, tukaongea mpaka usiku. Nikafika nyumbani saa tatu na nusu.

Taa ya jikoni inawaka. Mezani sahani tano, moja imefunikwa. Wote wameshakula isipokuwa mamma. Amekaa mbele ya sufuria ya maji yaliyopoa.

Nikasema nimekula. Akasema, "Potevi avvisare." Ungeweza kutoa taarifa. Akaenda kulala.

Nililia usiku ule, nikajiambia hawa watu wagumu. Kwetu Tanga usipokuwepo unawekewa chakula chako, ukirudi unakila, hujarudi atakila mwingine, hakuna kesi. Wali na mchuzi vinangoja. Tambi hazingoji. Hilo ndilo sikulijua. Tambi wanazipima kwa kichwa, kila mtu gramu zake 80 au 100, na haziingii majini mpaka mlaji wa mwisho ahesabiwe, maana zikikaa dakika tano zimeharibika. Maji yalikuwa yananingoja mimi. Yalichemka, yakapunguzwa moto, yakachemka tena.

Asubuhi nikamwomba radhi. Nikamweleza desturi yetu, akanieleza ya kwao, tena bila ukali. Tangu siku hiyo, kila jioni ikikaribia saa mbili, simu yangu ilikuwa inaingia ujumbe wa neno moja: "Butto?" Yaani natumbukiza? Nami niko njiani napanda vile vichochoro, najibu "Butta!" Nikifika mlango wa juu, harufu ya kitunguu saumu inanipokea kwenye ngazi.

Kwenye mkataba wa chuo palikuwa pameandikwa tu kwamba chakula cha jioni ni saa mbili.

Mzee_wa_Padova

Nimesoma nikatabasamu, niko Italia mwaka wa kumi na tisa sasa. Mwanangu akichelewa mke wangu humtumia hilohilo neno.

Naomba niongeze ya karatasi kwa vijana, maana binti ameahidi na bado hajayafikia. Ukizidi siku 90 unahitaji viza ya taifa, aina D. Ukishafika, ndani ya siku 8 za kazi omba kibali cha kukaa, *permesso di soggiorno*. Unakwenda posta, unapewa bahasha ya fomu, unajaza, unabandika stempu ya serikali ya euro 16. Kuna euro 30 za posta, na kwa kibali cha hadi mwaka mmoja kuna euro 70.46 za kibali na kadi yake. Utapewa risiti yenye tarehe ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Hiyo risiti itunze kama pasipoti. Wengi wa muhula mmoja huondoka kadi haijatoka, risiti ndiyo inayowabeba.

BintiRaskazone

Ahsante sana mzee wangu, umenipunguzia kazi. Naongeza moja kwa walioko Marekani kama mimi: viza ya Italia unaombea ubalozi mdogo wao unaohudumia jimbo unalosoma, na kabla hujaomba hakikisha viza yako ya Marekani itakuwa bado hai siku ya kurudi, na fomu ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha wewe ni mwanafunzi wa kigeni, ina sahihi mpya ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mwenzangu mmoja alilishughulikia hili wiki ya mwisho na nusura abaki.

Sasa nirudi nyumbani.

Maisha ya ndani yana sheria ambazo hakuna anayekusomea. Usitembee peku, kuna ndala za ndani, *ciabatte*, na nonna akiona mguu mtupu juu ya marumaru anashika kifua. Usitoke na nywele zenye maji, upepo utakupiga shingoni. Mimi nywele zangu nimesuka, hazikauki kwa saa moja, basi kila Jumapili ilikuwa vuta nikuvute mlangoni mpaka nijifunge kilemba. Cappuccino ni ya asubuhi. Asubuhi yenyewe hawali kizito, ni biskuti za kuchovya kwenye maziwa na kahawa ya birika dogo la moka. Nilihangaika na hili kwa wiki tatu, nimezoea kuamka na chapati au kiporo. Mkate wa Toscana hauna chumvi. Ukiula mtupu utadhani mwokaji kasahau, ukiula na jibini la kondoo au mchuzi unaelewa kwa nini.

Umeme: nyumba nyingi zina mkataba wa kilowati 3. Ukiwasha oveni, mashine ya kufulia inazunguka, na wewe ukachomeka kikausha nywele, nyumba nzima inaingia giza na mtu inabidi ashuke chini kurudisha swichi. Nilisababisha mara mbili. Nguo hazikaushwi kwa mashine, zinaanikwa, dirishani au kwenye fremu ya chuma sebuleni. Na vyuma vya kupasha joto, *termosifoni*, havikuwashwa mpaka Novemba. Oktoba mwishoni nilikuwa nalala na soksi, sweta na kanga mbili. Nonna ndiye aliyeniletea chupa ya maji ya moto, akaisukuma miguuni bila kuniuliza.

Hayo yote ni madogo. Ila wiki za mwanzo yalinichosha kuliko masomo, kwa sababu nilikuwa nimekaa kama mgeni. Nakula, nashukuru, nanyanyuka, naingia chumbani. Nikitaka kuosha vyombo naambiwa acha, acha, kasome. Nikaacha. Sisi wenyewe tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya arobaini sikuwa nimepewa jembe, na nikaanza kuona kama nyumba inanizunguka tu, siimo.

Jembe lilikuja Novemba.

Nonna ana shamba dogo la mizeituni nje ya mji, miti kama 50, aliachiwa na marehemu mumewe. Kila mwaka ukoo mzima unakwenda kuchuma. Mamma aliniambia nibaki nyumbani nipumzike, kuna baridi. Nikamwambia naomba niende. Akaniangalia, akanipa viatu vyake vya shamba.

Wanatandika nyavu chini ya mti, halafu unachana matawi kwa reki ndogo ya mkono kama unavyochana nywele za mtoto, zeituni zinadondoka, nyingine kijani, nyingine zambarau. Anayepanda ngazi ni mwepesi, na mimi nilikuwa mwepesi kuliko wote. Babu yangu Muheza alikuwa na michungwa, ngazi naijua tangu utoto. Babbo alipoona navyohama tawi hadi tawi akaita ndugu zake waje waone. Tulichuma siku mbili. Mikono ilichanika, mgongo uliuma, na kwa mara ya kwanza watu walinipigia kelele kama wanavyopigiana wao: hapo umeacha! shika wavu! sogea!

Jioni ya pili tulipeleka makreti kwenye kinu, kwa sababu zeituni hazitakiwi kukaa, zikikaa zinapata joto na mafuta yanaharibika. Tulingoja zamu yetu mpaka usiku. Mafuta yakatoka kwenye bomba, kijani kibichi, yana ukungu, harufu ya majani yaliyokatwa. Mwenye kinu akaoka vipande vya mkate kwenye makaa, akasugua kitunguu saumu, akamwagia. Mafuta mapya yanawasha koo kama pilipili manga. Nonna akachukua kipande cha kwanza. Kwa desturi ni wake, ndiye mwenye shamba. Akaniwekea mimi mkononi.

Tukarudi nyumbani saa nne usiku. Nikaanza kuosha vyombo. Hakuna aliyeniambia acha.

MalindiKwetu

Hapo kwa kipande cha kwanza nimetua simu kidogo. Endelea dadangu.

Kipanga_wa_Ubungo

Sawa, nimekuelewa. Sasa na ubaguzi? Usiniambie haukukutana nao.

BintiRaskazone

Nilikutana nao, na sitaupaka rangi. Kwenye duka moja mlinzi alinifuata kila nilipogeuka, wenzangu weupe hakuwafuata. Kwenye basi mama mmoja alihamisha mkoba nilipokaa. Mtu mmoja kwenye chakula cha jioni cha mtaa aliniuliza kama nilikuja kwa mashua. Huyu wa mwisho hakuwa na nia mbaya, ndiyo maana liliuma zaidi: kwake yeye Mwafrika yeyote alivuka bahari usiku. Na waliovuka kweli nimewaona, vijana wa Gambia na Nigeria, mmoja tulikuwa tukisalimiana kila siku nje ya duka la vyakula. Yeye na mimi tulitembea mitaa ileile, ila mimi nilikuwa na chuo nyuma yangu. Sikuweza kulisahau hilo.

Nilimweleza mamma kuhusu mlinzi. Hakusema "labda umemwelewa vibaya", maneno ambayo nimeyasikia sana kwingine. Alivaa koti, tukarudi wote dukani, akaomba kuonana na msimamizi. Sijui kama kulibadilika kitu pale dukani. Mimi kwangu kulibadilika.

Na huo mtaa niliousema, niueleze. Siena imegawanywa mitaa 17 inayoitwa *contrade*, mipaka yake iliwekwa na gavana wa mji, Violante Beatrice wa Bavaria, mwaka 1729. Kila mtaa una mnyama au alama, rangi, kanisa, makumbusho na wimbo. Wengi wanaijua kwa mbio za farasi za Palio, Julai 2 na Agosti 16, farasi kumi, mizunguko mitatu ya Campo, dakika moja na kidogo imekwisha. Nilifika mbio zimeshapita, lakini mtaa unaishi mwaka mzima: wanapika pamoja, wanatunzana, watoto wanafundishwa ngoma na kurusha bendera.

Familia yangu ni ya Giraffa. Twiga. Jioni ya kwanza babbo aliponionyesha kitambaa cheupe na chekundu chenye twiga, mimi nikafungua pochi nikamwonyesha noti yetu ya zamani yenye twiga kivuli ndani ya karatasi, alama ya maji. Aliinyanyua kwenye taa, akamwita mkewe, akamwita mama yake. Nikawaambia kwamba kwetu huyu ni mnyama wa taifa, na anayejulikana mbugani kwa kutopiga kelele. Noti ile nilimwachia. Ameiweka kwenye fremu.

Mama_Nasra

Mwanangu, nimekaa na uzi wako tangu alasiri. Binti yangu yuko Marekani vilevile, amepata barua ya kwenda Firenze muhula ujao, na Ijumaa anatakiwa ajibu kama atakaa hosteli au kwa familia. Mimi nasita. Nimwambie nini, na abebe nini?

BintiRaskazone

Shikamoo mama.

Mwambie achague familia. Aandike kwenye fomu mambo yake yote kwa maneno mengi, asiandike tu "sili nguruwe", aandike hata soseji, hata mafuta yake. Familia ikimshinda kabisa ana haki ya kuomba abadilishiwe, mwenzangu mmoja alifanya hivyo baada ya wiki tatu na hakuna aliyemlaumu. Lakini asiombe kabla hajakaa jikoni na mama wa nyumba wakaongea, hata kama ni kwa kamusi na vidole. Akichelewa atoe taarifa. Akiambiwa acha vyombo, siku ya kwanza aache, ya pili aache, ya tatu ashike taulo akaushe.

Abebe ndala za ndani, sweta nzito, msala, na dawa zake alizozoea. Pilipili ya unga pia, maana chakula chao hakiwashi na atakumbuka nyumbani.

Na zawadi mama. Mimi nilipeleka doti moja ya kanga, yenye jina *Wema hauozi*, nikampa mamma. Akaifunga kiunoni palepale, kila Jumapili anaipikia. Nonna aliishika pindo, akaisoma herufi kwa herufi, akauliza maana, kisha akaikunja akairudisha taratibu. Hakusema kitu, ila macho yake niliyaona, na kila nikiona kanga ile jikoni nikawa namkumbuka yeye. Januari mama alinitumia doti nyingine kutoka Tanga, nikaipeleka posta kwenda Siena kwa nonna. Ilichukua wiki tano. Alipoipokea alinipigia kwa simu ya mjukuu wake, kajifunika kichwani, na kabla sijafungua mdomo akatangulia yeye: "Marahaba!"

Binti yako abebe doti mbili.